Kwotabeki Akihama, Shabiki Anabaki na Nani?

Usiku wa Jumapili, tarehe 3 Oktoba 2021, mvua ilikuwa inanyesha kwenye Uwanja wa Gillette, Foxborough, jimbo la Massachusetts. Tom Brady, kwotabeki wa futiboli ya Kimarekani, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, alitoka kupasha misuli akiwa na jezi ya Tampa Bay Buccaneers, na mashabiki wa New England Patriots wakamwita kwa jina na kumshangilia. Hao ndio waliomtazama kwa misimu 20 na kusherehekea naye mataji sita ya Super Bowl, fainali ya ligi. Muda si mrefu mchezo ukaanza, Brady akaingia na safu yake ya ushambuliaji, na uwanja ule ule ukamzomea. Afrika Mashariki ilikuwa saa tisa na dakika 20 usiku wa kuamkia Jumatatu. Aliyekesha kuutazama mchezo ule alikuwa na haki ya kuuliza: hawa watu wanampenda au wanamchukia?

Swali hilo hurudi karibu kila mwezi wa Machi, dirisha la usajili la NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, linapofunguliwa. Kwotabeki mkubwa anahama, video za jezi zinazochomwa moto zinasambaa, huyu anaitwa msaliti, yule anaambiwa si shabiki wa kweli kwa sababu ameendelea kumpenda. Maneno hutupwa bila kupimwa, na mengi yanatokana na kutojua mambo mawili: mchezaji huondokaje kwenye ligi ile, na shabiki amefungwa na nini hasa.

Tuanze na hilo la pili. Shabiki hafungwi na kamba moja. Iko kamba inayomfunga na jezi, yaani timu, mji na watu anaokaa nao jukwaani. Na iko kamba inayomfunga na mtu aliyeivaa jezi hiyo. Miaka mingi kamba hizo hulala pamoja mpaka huwezi kuzitofautisha. Kwotabeki akihama, zinavutwa pande mbili, na hapo ndipo shabiki mwenyewe anagundua kwamba zilikuwa mbili.

Maneno ya kushika kwanza

Kwotabeki husimama nyuma ya safu ya mbele ya ushambuliaji. Anapewa mpira na mwenzake wa katikati, na ndani ya sekunde mbili tatu anaamua aurushe, ampe mkimbiaji au akimbie nao mwenyewe. Kwenye soka mpira unaweza kuzunguka dakika nzima bila kumfikia mshambuliaji wako hatari. Kwenye futiboli ya Kimarekani karibu kila shambulizi linapita mikononi mwa kwotabeki. Orodha ya timu ina wachezaji 53, uwanjani wanaingia 11 kwa wakati mmoja, lakini kwotabeki anayeanza ni mmoja tu, na akiwa mzima ni nadra kubadilishwa. Mchukue nahodha wa timu yako, kiungo mchezeshaji na mpiga penalti, uwafanye mtu mmoja. Huyo akiondoka, mji unajiona kama nyumba iliyoezuliwa paa.

Drafti ni utaratibu wa kugawana vijana wanaotoka vyuoni. Timu 32 huchagua kwa zamu katika raundi saba, na kwa kawaida timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo huanza. Kijana hachagui timu, timu ndiyo humchagua. Brady mwenyewe alichukuliwa mwaka 2000 akiwa wa 199, raundi ya sita. Hakuwahi kuapa kwa Patriots. Waliita jina lake, akaenda.

Mabadilishano: NFL haina ada ya uhamisho kama tunayoizoea kwenye soka. Timu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba hutoa mchezaji mwingine, au nafasi zake za drafti za miaka ijayo, au vyote viwili. Mkataba ukiisha, mtu anakuwa mchezaji huru na anasaini anakotaka. Hata hapo timu ina silaha moja: inaweza kumzuia kwa mwaka mmoja zaidi, kwa mshahara unaokokotolewa kutokana na mishahara mitano mikubwa zaidi ya nafasi yake. Mchezaji anaweza kuwa hakutaka, na bado akabaki.

Kikomo cha mishahara ni kiasi cha juu ambacho timu inaruhusiwa kukitumia kwa wachezaji wake kwa mwaka. Kilipoanza mwaka 1994 kilikuwa dola milioni 34.6. Mwaka 2025 kilikuwa milioni 279.2. Kiwango ni kimoja kwa timu zote, ya mji mkubwa na ya mji mdogo, na tajiri hawezi kuchomoa pesa mfukoni akakivuka. Ugomvi mwingi wa mashabiki na kwotabeki wao unaanzia kwenye kikomo hiki, ingawa wachache wanakitaja.

Hesabu iliyojificha nyuma ya kwaheri

Kwotabeki akisaini mkataba mkubwa, sehemu ya pesa hulipwa mapema kama pesa ya kusaini. Kwenye vitabu vya ligi pesa hiyo huruhusiwa kugawanywa kwa miaka isiyozidi mitano. Tuseme amepewa dola milioni 50 kwa mkataba wa miaka mitano. Mkononi amezipokea, lakini kwenye kikomo timu inaandikiwa milioni 10 kila mwaka. Akiondoka baada ya miaka miwili, milioni 30 ambazo bado hazijaandikwa haziyeyuki. Kwa kawaida zinaangukia kwenye hesabu ya mwaka huo huo, kwa mpigo.

Aliyewahi kuwa kwenye kikoba ataelewa haraka. Umechukua mkopo, unarejesha kidogo kidogo, hakuna anayekusumbua. Siku unapojitoa, unatakiwa umalize marejesho yote. Wamarekani huziita pesa hizo pesa mfu, kwa sababu zinakula nafasi kwenye kikomo na hazimleti mtu yeyote uwanjani. Brady alipoondoka mwaka 2020, Patriots walibaki na pesa mfu ya dola milioni 13.5. Aaron Rodgers alipotoka Green Bay Packers kwenda New York Jets mwaka 2023, Packers walibeba takribani milioni 40 kwa mwaka huo mmoja. Denver Broncos walipomwacha Russell Wilson mwaka 2024, mzigo ulifika milioni 85 na ikabidi waugawe kwa misimu miwili.

Kwa shabiki hesabu hizi zina maana moja kubwa. Timu haimwachi kwotabeki kwa wepesi, na ikimwacha, maumivu hayaishii siku ya kuaga. Msimu unaofuata wanakosekana mabeki wawili watatu ambao wangesajiliwa kwa pesa zile. Shabiki anaona timu inafungwa, anamlaumu aliyeondoka kwa kuondoka, kumbe anacholipia ni mkataba alioushangilia miaka mitatu nyuma.

Nani alifungua mlango?

Kabla ya kumwita mtu msaliti, uliza aliondokaje. Njia hazifanani, na mashabiki wa Marekani, kelele zao zote ukiziweka kando, huwa wanazitofautisha vizuri sana.

Peyton Manning alifukuzwa kwa heshima. Alikuwa Indianapolis Colts tangu 1998, akawapa taji la Super Bowl la msimu wa 2006, kisha akaumia shingo na kukosa msimu wote wa 2011. Colts wakashinda michezo miwili tu kati ya 16, wakapata haki ya kuchagua wa kwanza kwenye drafti, na kijana Andrew Luck alikuwa anasubiri. Machi 2012 Manning alitakiwa kulipwa dola milioni 28. Siku moja kabla ya tarehe hiyo, tarehe 7 Machi, timu ikamwachia. Mwenye timu na mchezaji walitokea pamoja mbele ya waandishi wa habari, sauti zikikwama kooni. Shabiki wa Indianapolis angemlaumu kwa lipi? Mlango ulifunguliwa kutoka ndani, na yeye akaonyeshwa.

Brady aliondoka mkataba wake ulipoisha. Hilo ni kama mpangaji aliyemaliza kodi yake: hakuvunja kitu, lakini wenye nyumba walitegemea kwamba atakaa mpaka azeeke. Matthew Stafford, baada ya misimu 12 Detroit Lions bila ushindi hata mmoja wa hatua ya mtoano, aliomba aondoke, na timu ikakubaliana naye. Lions walipata kwotabeki Jared Goff, nafasi mbili za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya tatu. Mji mzima ulijua kwamba timu ndiyo iliyomwangusha, si yeye aliyeiangusha.

Brett Favre ndiye aliyeacha jeraha. Baada ya misimu 16 na Packers alitangaza kustaafu Machi 2008, machozi yakimtoka. Timu ikamkabidhi usukani Rodgers, aliyekuwa amekaa benchi miaka mitatu. Julai Favre akataka kurudi. Kosa la hapa halikuwa kuhama. Aliwafanya watu wamlilie, wakamaliza msiba, kisha akatokea mlangoni. Packers wakampeleka Jets, wakaweka sharti zito ili Jets wasije wakampitisha kwenda kwa mahasimu wao, Minnesota Vikings. Baada ya msimu mmoja Jets walimwachia, sharti likakosa kazi, na Agosti 2009 Favre akasaini Minnesota.

Alikoenda kuna uzito kuliko alikotoka

Packers na Vikings wako kundi moja na hukutana mara mbili kila msimu. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kufafanuliwa sana hapa. Clatous Chama alipotoka Simba kwenda RS Berkane ya Morocco mwaka 2021, watu walisikitika na kumtakia heri. Alipotoka Simba kwenda Yanga Julai 2024, lugha ilikuwa nyingine kabisa. Mchezaji ni yule yule na kipaji ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mabao yake yangehesabiwa dhidi yako.

Hiyo ndiyo tofauti ya Manning na Favre. Denver, alikoenda Manning, si jirani wa Indianapolis na hawagombanii kundi moja. Mtu wa Indianapolis angeweza kuwatakia Broncos ushindi wiki nyingi za msimu bila kuidhuru timu yake. Mtu wa Green Bay hakuweza. Kila Favre aliposhinda, Packers walizidi kubanwa kwenye msimamo. Tarehe 1 Novemba 2009 alirudi Lambeau Field, uwanja wa Packers, na jezi ya Vikings, akazomewa kuanzia anapotoka kwenye njia ya wachezaji, akarusha pasi nne za tachidauni, yaani za kufunga, na kushinda 38 kwa 26.

Hapa pia tuwe waaminifu kuhusu soka letu. Mchezaji wa Ligi Kuu Tanzania huweza kuzunguka Simba na Yanga kwenda na kurudi, kama alivyofanya Haruna Niyonzima au Bernard Morrison, na mnazi akameza. Sababu moja ni kwamba mchezaji wetu mara nyingi ni mmoja kati ya 11 wanaobadilika kila msimu. Kwotabeki aliyekaa miaka 15 amekuwa sehemu ya anwani ya mji. Watoto waliozaliwa siku anasajiliwa wamefika sekondari hawajaona mwingine.

Kelele si lazima iwe matusi

Sasa turudi Foxborough, maana fumbo la kushangilia na kuzomea ndani ya saa moja lina jibu la kiufundi ambalo mtazamaji wa mbali hulikosa.

Shambulizi moja likiisha, kwa kawaida saa ya sekunde 40 huanza kuhesabu kurudi nyuma. Ndani ya muda huo kocha anamsomea kwotabeki mpango kupitia redio iliyo ndani ya helmeti. Redio hiyo hukatwa zikibaki sekunde 15. Kwotabeki anawakusanya wenzake kumi, anawatajia mpango ambao unaweza kuwa sentensi ndefu ya majina na namba, wanajipanga, anawasoma mabeki, na akiona hatari anabadilisha mpango kwa kupaza sauti. Mwisho anaita hesabu, na kwenye neno walilokubaliana mpira unatoka. Hatua zote hizo zinategemea sauti.

Mashabiki wa nyumbani wanalijua hilo. Timu yao ikishambulia, wananyamaza kama wako kwenye mtihani. Wageni wakishambulia, wanapiga kelele mpaka masikio yanauma. Mlinzi wa pembeni, mmoja wa wanaomkinga kwotabeki, asiposikia hesabu, anatikisika mapema, na timu inarudishwa yadi tano. Mpango ukichelewa kufika, saa inakatika, yadi tano nyingine. Timu zinazojua zinakwenda ugenini hufanya mazoezi ya kuanza bila sauti: kwotabeki ananyanyua mguu, mlinzi wa kando anampiga mwenzake wa katikati kwa mkono, naye anatikisa kichwa ndipo mpira unatoka. Ni kile kile anachofanya konda wa daladala muziki ukiwa juu. Hamwiti dereva, anagonga bodi.

Kwa hiyo makelele aliyopigiwa Brady alipoingia na safu yake yalikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi. Wakati wa kupasha misuli, watu walikuwa wanamsalimu mtu wao. Mpira ulipowekwa chini, walikuwa wanamsaidia Mac Jones, kijana aliyerithi nafasi. Usiku ule uliisha Buccaneers 19, Patriots 17, baada ya mpiga teke wa Patriots, Nick Folk, kugonga mlingoti kutoka yadi 56 ikiwa imebaki chini ya dakika moja. Aliyeruka kwa matumaini mpira ule ukiwa hewani hakuwa anamchukia Brady. Alitaka pointi tatu.

Indianapolis walilifanya hilo kwa unadhifu zaidi tarehe 20 Oktoba 2013. Manning alirudi na Broncos, timu ikaonyesha video ya kumshukuru, watu wakasimama kwa muda mrefu, naye akavua helmeti akawapungia. Kisha Robert Mathis, mwenzake wa miaka mingi, akamvamia kwa nyuma na kumpokonya mpira, ukatoka nje kupitia eneo la mwisho, Colts wakapata pointi mbili, na uwanja ukalipuka. Colts walishinda 39 kwa 33. Hakuna aliyeona mgongano kati ya shangwe ile ya kwanza na hii ya pili, na hakukuwa na mgongano.

Ukitaka kujua kama watu wanazomea kweli au wanafanya kazi, angalia saa. Kelele ikija mpira ukiwa karibu kutoka na safu yake iko uwanjani, hiyo ni kazi. Ikija jina lake linapotajwa, au anapotembea peke yake kutoka chumba cha kubadilishia nguo, hiyo ni ujumbe. Russell Wilson aliupata ujumbe huo Seattle, kwa timu yake ya zamani, tarehe 12 Septemba 2022, kwenye mchezo wake wa kwanza akiwa na Broncos. Siku sita baadaye akapata mwingine wa aina yake huko Denver kwenyewe: timu ilikuwa inachelewa kutoa mpira, na mashabiki wake wapya wakaanza kuhesabu kwa sauti sekunde za mwisho za saa ile ya 40 ili kumsaidia asikatwe yadi. Hakuwa amemaliza hata mwezi mmoja wa msimu. Mashabiki wa unakohamia hawakupi mkopo wa miaka uliyoijenga kwingine. Unaanza upya, na pesa uliyolipwa inakuwa deni.

Detroit, mtu yule yule

Kama kuna mji mmoja unaofundisha somo hili lote, ni Detroit. Stafford alipokwenda Los Angeles Rams mwaka 2021, watu wengi wa Detroit waliamua kumfuata. Walinunua jezi yake mpya, wengine wakavaa fulana zilizounganisha jina la mji wao na la Rams. Tarehe 13 Februari 2022 Rams walipowashinda Cincinnati Bengals 23 kwa 20 na kutwaa Super Bowl, Detroit ilisherehekea kana kwamba taji ni lake. Haikuwagharimu chochote. Lions walikuwa wamemaliza msimu na ushindi wa michezo mitatu tu.

Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Januari 2024, ratiba ya mtoano ikawakutanisha Ford Field, uwanja wa Lions. Stafford akaingia, akazomewa. Lions hawakuwa wameshinda mchezo wa mtoano tangu Januari 1992, miaka 32, na aliyesimama mlangoni alikuwa kipenzi chao. Wakaliimba jina la Jared Goff, yule ambaye Rams walimtoa kwenye mabadilishano, mpaka mwisho wa mchezo. Lions 24, Rams 23.

Stafford hakuwa amefanya kosa lolote kati ya tarehe hizo mbili, na Detroit haikuwa na moyo mwingine. Mwaka 2022 kamba mbili zilikuwa zinavuta upande mmoja. Mwaka 2024 zilivuta pande mbili, na ya jezi ikawa nene zaidi. Mara nyingi huwa hivyo, na sababu yake ni ya kibinadamu. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti wao kwenye vyuo vikuu saba vya Marekani. Waliangalia nguo za wanafunzi siku za Jumatatu na kukuta kwamba nguo zenye jina la chuo huvaliwa zaidi baada ya timu ya futiboli kushinda. Walipowauliza wanafunzi matokeo, ushindi ulisimuliwa kwa “sisi” kuliko kipigo. Sikiliza kijiweni Jumatatu asubuhi: “tumewapiga tatu”, lakini “wamefungwa kizembe”. “Sisi” hiyo ni ya timu. Hakuna anayesema “tumehamia Tampa” kwa sababu Brady amehamia Tampa, isipokuwa yule ambaye tangu mwanzo alikuwa wa Brady.

Na huyo wa Brady, je?

Wengi wetu tunaoutazama mchezo huu kutoka Nairobi, Arusha au Muscat ni watu wa namna hiyo, na tunaambiwa kwamba si mashabiki kamili. Hili silikubali. Huko Green Bay, mji wenye wakazi laki moja na ushee, timu inamilikiwa na wanahisa wa kawaida wasiopata gawio, tiketi za msimu hurithishwa ndani ya familia, na orodha ya wanaosubiri ina zaidi ya majina 100,000. Mtu wa pale ameipokea jezi kama jina la ukoo. Aliye mbali hakurithi kitu. Aliona mtu mmoja akifanya jambo la ajabu saa nane na nusu ya usiku wa Super Bowl, na akaanzia hapo. Kamba yake ni ya mtu kwa sababu ndiyo pekee iliyomfikia. Mtu huyo akihama naye akamfuata, hajamsaliti yeyote. Kitakachokuwa kosa ni kwenda kumfundisha mtu wa Foxborough kwamba naye afuate.

Maneno mengine matatu ya kuyaweka sawa, kwa haraka. “Wote wanachoma jezi”: hapana, wanaochoma ndio wanaopigwa picha. Wengi hukunja na kuweka kabatini, na wapo wanaokata jezi mbili na kuzishona nusu kwa nusu. “Amefuata pesa tu”: pesa ipo, lakini Brady alisaini Tampa akiwa na miaka 42 na mataji sita, na mchezaji wa namna hiyo hutazama pia atampasia nani na nani atamlinda asivunjwe. “Timu haina kosa, timu ndiyo familia”: ziulize Baltimore na Cleveland. Colts wenyewe waliondoka Baltimore usiku wa Machi 1984, vifaa vyao vikiwa kwenye malori, na asubuhi watu wakaamka hawana timu. Baltimore iliipata nyingine mwaka 1996 kwa kuichukua kutoka Cleveland. Ligi ambayo timu nzima inaweza kuhama mji haina haki ya kumwita mchezaji mmoja msaliti.

Kinachoponya

Muda unaponya, lakini hauponyi peke yake. Kinachoharakisha ni mrithi. San Francisco walimwachia Joe Montana aende Kansas City mwaka 1993, naye akawafunga mabosi wake wa zamani 24 kwa 17 Septemba 1994. Msimu huo huo Steve Young, aliyemrithi, alirusha pasi sita za tachidauni kwenye Super Bowl, na San Francisco ikaweza kuwapenda wote wawili bila kuhesabu nani alimwonea nani. Pale ambapo mrithi anahangaika, jina la aliyeondoka halitulii.

Kuna pia adabu ndogo ndogo ambazo watu hawazisahau. Denver ilikuwa imeistaafisha namba 18 kwa heshima ya Frank Tripucka, kwotabeki wao wa kwanza. Mzee Tripucka alipoombwa, akamruhusu Manning aivae. Tampa, Chris Godwin aliiacha namba 12 aliyokuwa akiivaa ili Brady aichukue. Namba ni kitambaa tu, lakini anayepewa kwa ridhaa huingia kama mgeni aliyekaribishwa.

Favre alisubiri zaidi ya wote. Rodgers alikuwa ameshaleta taji la Super Bowl la msimu wa 2010, na hasira ikakosa chakula. Tarehe 18 Julai 2015 Packers walimwingiza Favre kwenye ukumbi wao wa mashujaa na kuistaafisha namba 4. Siku hiyo hapakuwa na mchezo, na sherehe yenyewe ilifanyika ndani ya jengo, si uwanjani. Watu zaidi ya 67,000 walikuja Lambeau Field kukaa jukwaani na kuitazama kwenye skrini kubwa. Kabla haijaanza, Favre alitoka kwenye ile njia ya wachezaji, pale pale alipozomewa mwaka 2009, na makofi yakamzuia kusema kwa dakika kadhaa.